Bega la Mama Mkwe

Kinyozi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, lakini kuna jambo lilikuwa likimkereketa moyoni: hakuwa na karama. Wenzake walikuwa nazo. Mwenyekiti wa akina mama alinena kwa lugha mpaka miwani ikamdondoka. Fundi bomba aliota ndoto na ndoto zake zikatimia, ingawa nyingi zilihusu mvua, tena katika msimu wa mvua. Hata mkewe Wembe, fundi cherehani, alisifiwa kwa karama ya ukarimu, maana hakuna aliyeingia kwake na njaa akatoka nayo. Wembe yeye alikuwa na mashine ya kunyolea, kioo chenye ufa pembeni, na sauti nzuri ya kuitikia wakiomba wengine.

Basi asubuhi moja akaingia Shoka. Huyu alikuwa muuza nyama wa pale kona, pande la mtu, mwenye mdomo mchafu kuliko aproni yake. Kanisani alionekana siku za harusi tu, na hata hizo alifika wakati wa chakula. Siku hiyo hakutukana mtu, kwa kuwa kwikwi ilikuwa imemkamata tangu jana yake na haikumpa nafasi ya kumaliza neno. Alikuwa amekunywa maji akiwa ameinama, amebana pumzi, na mkewe alikuwa amemvizia nyuma ya mlango akagonga sufuria. Kwikwi haikujali. Sasa alitaka anyolewe ndevu, lakini kila wembe uliposogea, kidevu kiliruka.

Hofu ya kumchinja mchinjaji ndiyo iliyomfanya Wembe aombe. Akaweka mkono juu ya utosi wa Shoka, mahali ambapo vinyozi wamezoea kuweka mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, mtulize huyu nisije nikamkata."

Kwikwi ikakoma. Wote wawili wakasubiri irudi. Shoka akameza mate, akajaribu kusema jina lake, likatoka lote kwa mkupuo mmoja. Akauliza amefanyiwa nini. Wembe akamjibu kwamba ameombewa tu, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa matamu kinywani.

Shoka hakuwa mtu wa kukaa na neno. Kufikia jioni, kila aliyekwenda kwake aliondoka na maini na ushuhuda. Watu wakaanza kumiminika kwa kinyozi: mwenye kichwa, mwenye jino, mwenye mtoto asiyelala. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, na mtaa wote sasa ulimlilia Wembe. Wengine walipona, wengine walisema wamepona ili wasimvunje moyo, na wengine walitoka na kichwa kile kile, ila kimenyolewa vizuri.

Mkewe alimkumbusha kwa upole kwamba kwikwi huisha yenyewe. Wembe akasikitika kwamba nabii hakubaliki kwao. Akaanza kutembea polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Sauti yake ikashuka, ikawa nzito hata anapoomba apitishiwe chumvi. Ibadani akahamia mbele, miongoni mwa wale wanaoitwa kuwaombea wagonjwa.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja. Alikuwa ameanguka bafuni kwake, na tangu hapo bega la kulia likakakamaa. Daktari alimpa dawa na mazoezi, lakini mkono haukupanda zaidi ya kifua. Hata kilemba alifungiwa. Bintiye alimtaka akae nao ili amhudumie. Wembe alimpokea kwa heshima zote, akambebea mzigo, akampisha kwenye kochi zuri, na moyoni akafurahi kwa namna ambayo asingethubutu kumsimulia mtu. Ugonjwa ulikuwa umemfuata wenyewe mpaka sebuleni.

Aliomba usiku ule ule baada ya chakula, kwa utulivu wa mtu mwenye uhakika. Bega halikusogea. Kesho yake aliomba kwa kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Bega likabaki palepale. Akaamua kufunga. Alifunga kweli, si chakula tu, bali na maji pia, mpaka njaa ikamtetemesha mkono, na mwalimu mmoja aliyekuja kunyolewa akatoka kibandani na njia ya mbuzi katikati ya kichwa. Jioni akarudi nyumbani midomo imekauka, akamwekea mama mkwe mikono, akaomba mpaka jasho likamtiririka.

Mama wa watu alimwonea huruma. Akauma meno, akausukuma mkono juu kadiri alivyoweza, machozi yakamlenga. "Umesogea kidogo, baba," akasema.

Wote watatu, yeye, bintiye na Wembe, walijua kwamba anasema uongo.

Jumamosi Shoka akabisha hodi. Alikuja na mfuko wa nyama, zawadi ya shukrani, na aproni yake hakuivua. Mkewe Wembe alikuwa chumba cha pili, cherehani inanguruma. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi na kikombe cha chai mkono wa kushoto. Shoka akamwamkia, akamuuliza mbona mkono ule ameulaza hivyo kama mtoto. Akaelezwa. Akamgeukia Wembe kuuliza kwa nini hajamwombea, na Wembe akapata kazi ya kufungua dirisha.

"Mimi sijui kuomba," Shoka akasema. "Lakini huyu ndugu alinifanyia hivi." Akafuta kiganja kwenye suruali, akamwekea mama ncha za vidole begani, kama anayegusa pasi kuona kama imepata moto. "Mungu, ni mimi, Shoka. Sina neno zuri la kukwambia. Huyu mama anaumwa bega. Mabega nayajua, nimekata mengi. Wewe ndiye unayejua kuyaunga. Msaidie."

Akaondoa mkono, akauliza nyama aiweke wapi.

Mama mkwe aliweka kikombe chini, akasema anahisi joto. Kisha mkono ukaanza kupanda, ukapita kifua, ukapita sikio, ukafika kwenye kilemba, ukaendelea mpaka vidole vikashika pazia. Akausogeza huku na huku kama anayemuaga mtu kituoni. Mkewe Wembe akatoka na utepe wa kupimia shingoni, akaona, akakaa chini sakafuni na kulia. Shoka alirudi nyuma mpaka mlangoni, akauliza kwa woga kama ameharibu kitu.

Wembe alimshukuru Mungu pamoja na wengine, kwa mdomo. Kisha akatoka uani, akachukua beseni, akaanza kulisugua. Alifunga, alikesha, aliacha kiti chake cha nyuma alichokizoea. Na huyu, ambaye juzi tu alimtukania mteja ukoo mzima kwa sababu ya mfupa, amekuja na harufu ya damu, ameongea na Mungu kama anayeagiza maji dukani, na Mungu amemhudumia palepale. Kadiri alivyowaza ndivyo beseni lilivyolia.

Mama mkwe akamfuata. Akafudikiza ndoo, akaikalia.

"Una hasira, mwanangu."

"Sina, mama."

"Unaosha beseni safi."

Wembe akaliweka chini. Alijaribu kunyamaza kwa heshima, lakini yaliyokuwa tumboni yakamtoka. Akasema kwamba yule mtu hata kanisani haji, hajui kuomba, hajui kuungama, hajafanya lolote la kustahili.

"Na mimi nilifanya nini hata nikastahili kupona?" mama mkwe akauliza. "Nilikuwa nimekaa nakunywa chai." Akaunyoosha mkono, akautazama kama nguo mpya. "Hebu niambie ukweli, wala sitakasirika. Ulitaka bega langu lipone, au ulitaka liponee mikononi mwako?"

Kuku wa jirani akapita uani, akawatazama, akaenda zake. Mwishowe aibu ikampanda Wembe usoni, na nyuma ya aibu, bila kutarajia, kikaja kicheko.

"Liponee mikononi mwangu, mama."

"Haya. Mkwe kumwambia mama mkwe ukweli mtupu, hilo pia si jambo la nguvu za mtu," akasema, naye akacheka mpaka ikabidi ashike ndoo.

Wembe alitamani wivu ungeisha siku hiyo hiyo, lakini haukuisha. Jumatatu Shoka alikuja kibandani mbio mbio, akafunga mlango nyuma yake. Buchani kwake kulikuwa na foleni, na hakuna aliyetaka nyama. Walitaka maombi, naye hakujua aanzie wapi. Ulimi wake ulijua matusi tu. Akauliza kama hii karama ni yake au ya Wembe, na kama ni ya Wembe, tafadhali aje aichukue.

Wembe akahisi kitu kikimchoma mbavuni. Akakiacha kichome. Akavuta kiti cha wateja, akamkalisha Shoka, na yeye akakaa juu ya kreti la soda.

"Si yako, wala si yangu," akasema. "Anaigawa mwenyewe anavyotaka. Sisi tuwaendee hao watu. Wewe utaomba, mimi nitakaa karibu. Ukikwama nitakusaidia maneno."

"Na nikitukana?"

"Nitakohoa."

Wakaenda. Siku ile Wembe alikohoa sana. Bibi mmoja alipona mgongo, kijana mmoja hakupona kitu, na Shoka akamkatia kipande cha nyama bure kumpoza. Wembe aliporudi kibandani alimkuta yule mwalimu akimngojea nje, na kofia kichwani, amekuja kurekebishiwa nywele. Akamwomba msamaha, akamnyoa taratibu, na alipomwekea mkono utosini akamwombea kimyakimya bila kumwambia, jambo ambalo lilimpa raha asiyoizoea.

Nyumbani, mama mkwe hakuona haraka ya kuondoka. Kwa kuwa mkono sasa ulipanda, aliamua jiko la bintiye linahitaji mpangilio, akahamishia kila kitu kwenye rafu za juu. Jioni Wembe alimkuta mkewe amepanda stuli, anapapasa kwenye giza la kabati, akisema kwamba Bwana asifiwe kwa muujiza wake, lakini mwenye kujua ilipo chumvi ajitokeze.