Kikapu cha Namalwa

"Kumi na mbili," Namalwa alihesabu, akainuka tena kwenye kigoda bila kushika ukuta. Uji ulikuwa unatokota, na mkaza mwanawe, Nekoye, alikuwa amenuna.

"Mama, watu watasema nakutesa."

"Wacha waseme. Nikirudishwa rizavu, kule serikali ilikotutengea, watasema nini?"

Nekoye hakuwa mbaya. Kosa lake lilikuwa heshima kupita kiasi. Tangu mama mkwe ateleze na kuumia kwenye tope la hapa shambani Mau Narok, alimchotea maji, akamwoshea nguo, akamletea chakula mpaka mkononi. Miezi minne ya heshima hiyo ikammaliza Namalwa nguvu. Asubuhi moja Namalwa alishindwa kuinuka aende chooni, akalia kwa hasira. Siku ileile akaanza mazoezi: kwanza kuinuka kigodani, kisha kufika mlangoni, kisha kwenda mtoni na kopo dogo. Akadai na maharagwe na maziwa, uji mtupu hautaki.

Sasa nyapara Kiprugut alikuwa ametangaza amri ya bwana, mzungu mwenye shamba: mzee asiyeweza kuchuma kikapu kimoja cha maua ya pareto na kukifikisha mwenyewe bandani kabla ya kengele ya saa sita, aondoke kambini. Miaka kumi na minane Namalwa aliwachumia wazungu maua hayo, na mumewe alizikwa nyuma ya zizi lao. Leo walitaka kumpima kama ng'ombe wa mnada!

Alichuma tangu umande haujakauka. Nekoye alipotaka kumwongezea konzi ya maua, Namalwa alimpiga kofi mkononi.

"Utaniponza, wewe!"

Kisha akajitwika kikapu, akashika njia ya mlima. Alisimama mara mbili kuvuta pumzi, lakini hakukaa. Nekoye alimfuata nyuma, mikono ameifumbata, machozi yakimlengalenga. Kengele ilikuwa bado kulia Namalwa alipoingia bandani na kumwaga maua kwenye chekeche la kukaushia.

Kiprugut aliyatazama, akamtazama yeye.

"Umefika," alisema, kana kwamba amenyang'anywa kitu.

"Nimefika. Na wewe, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili. Kwa nini?"

"Basi kesho asubuhi pitia kwangu, tufanye mazoezi ya miguu. Nawe utazeeka; bwana hajakuchagulia kikapu chako bado."

Wanawake waliokuwa wakianika maua wakaangua kicheko banda zima. Kiprugut akaandika jina la Namalwa kwenye orodha ya wanaobaki.