Chembe Moja, Peke Yake

Kwenye kikao kile cha chuo mjini Kisii ilialikwa projekta, si Persis Nyamweya. Yeye alikuja kuichomeka tu, ametumwa na duka la Keval, ambako ametengeneza kompyuta miaka tisa na kujifundisha mwenyewe hesabu za plazma, ile gesi yenye umeme kama ya ndani ya radi.

Daktari Onsongo, mhadhiri wa fizikia, alikuwa akionyesha programu yake ya kompyuta. Inaigiza plazma kwa kufuata chembe moja moja, maelfu kwa maelfu, kila moja ikisukumwa na umeme wa nyingine. Jumatatu angeikabidhi kwa wageni kutoka ng'ambo. Lakini pale ukutani wingu zima la chembe lilikuwa likihamia kulia, na mtu alipouliza, Daktari akasema hayo ni makosa madogo ya kawaida.

Persis alikuwa ameisoma programu hiyo mtandaoni na kumwandikia mara tatu kwamba ina kasoro. Alijibiwa mara moja tu: alete shahada kwanza. Kasoro yenyewe ni mstari mmoja unaokata desimali. Chembe ikiwa kati ya nukta mbili za gridi, ule wavu wa nukta ambao programu hupimia umeme, umeme wake wote unatupiwa nukta ya kushoto. Kukatwa desimali anakujua. Kule Gesima mama yake alipimiwa majani chai kilo kumi na mbili nukta nane, karani akaandika kumi na mbili, miaka nenda miaka rudi, na akiuliza anaambiwa hicho ni kidogo tu.

"Daktari," akasema, "weka chembe moja. Peke yake, imetulia."

"Wewe si ni wa projekta?"

"Ndiyo, na inaonyesha vizuri sana. Weka moja."

Watu wakacheka. Daktari naye akaiweka, amalizane naye. Bila jirani wa kuisukuma, ilipaswa kukaa pale pale. Ikaanza kutambaa kulia. Ilikuwa ikijisukuma yenyewe, kwa umeme wake uliotupwa kushoto, na ukumbi wote uliiona.

Kikao kikaahirishwa. Walipobaki wawili, Daktari akauliza kwa upole ni mstari gani, akaahidi kumtaja kwenye shukrani. Kati ya waandishi wa programu, alisema, jina la mtu wa duka lingewashangaza wageni.

"Acha washangae. Shukrani sitaki. Jina langu likae juu, kando ya lako. La sivyo, Jumatatu wape hiyo inayotembea."

Onsongo akatazama ukuta. Chembe ilikuwa imekaribia ukingo. Akaisogeza kompyuta upande wa Persis.

"Haya. Andika."

Persis akaandika jina lake kwanza.