Mmiliki wa Jina la Kiwanda cha Skrubu

Jumanne saa nne asubuhi, Yen Pi-hsia aliwasha kompyuta ya mezani ya ofisi na kuandika anwani ya tovuti ya kiwanda chao cha skrubu pale Gangshan. Haikufunguka, kama ilivyokuwa kwa wiki mbili. Mnunuzi Mjerumani alikuwa ameandika kuuliza kama kiwanda kimefungwa. Ijumaa angeamua anunue kwao au kwa jirani. Pi-hsia akaingia kwenye daftari la usajili wa majina ya mtandaoni, ambalo yeyote anaweza kulisoma, akatafuta jina la tovuti yao linashikiliwa na nani.

Mmiliki: Yen Tien-ting. Anwani: Makaburi ya Umma, safu ya saba, namba kumi na mbili. Tarehe ya kusajiliwa: sikukuu ya kusafisha makaburi, mwaka huu.

Yen Tien-ting alikuwa baba yake. Alifariki miaka sita iliyopita, na anwani ilikuwa sahihi.

"Si nilikwambia," alisema Mama Kuo, mhasibu, akisoma nyuma yake. "Sikukuu ile wenzio wanawachomea marehemu wao gari, liwafikie huko waliko. Wewe ukamchomea baba yako kompyuta."

"Ilikuwa ya karatasi, Mama Kuo."

"Kwani gari huwa la chuma?"

Pi-hsia aliipigia kampuni ya usajili. Mhudumu alieleza kuwa muda wa jina uliisha mwezi Machi, mzee akalisajili upya kihalali, na barua pepe yake imethibitishwa. Fomu yao haikuwa na mahali pa kujaza kuwa mtu amekufa. Jina lingehamishwa mwenye nalo akikubali.

Akamwandikia. Baba yake alijibu baada ya dakika saba. Aliuliza kama mashine namba tatu bado inavuja mafuta, akaomba printa. Kuhusu jina hakusema neno.

"Baba, kiwanda naendesha mimi," aliandika Pi-hsia. "Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Najua, mwanangu. Umejitahidi. Lakini mali ya ukoo haikai kwa binti. Ukiolewa je?"

"Nina miaka hamsini na minne, Baba."

"Ndiyo maana nasema usichelewe."

Mama Kuo alipanda ghorofani kwenye madhabahu ya mababu, akarudi na vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, vya kuwaulizia marehemu. Barua pepe mtu anaweza kuikwepa, alisema; mbao hawezi. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Pi-hsia aliuliza kama jina apewe yeye, akavirusha mara tatu. Mara zote vililala kifudifudi vyote viwili.

Alhamisi mchana aliuliza kama apewe Chia-hung. Huyo ni mdogo wake wa kiume, daktari wa meno huko Vancouver, na hakuwa amekanyaga kiwandani tangu mazishi. Vipande vilimponyoka mkononi kabla hajamaliza sentensi. Kimoja chali, kingine kifudifudi.

Chia-hung alibonyeza kiungo cha kukubali alichotumiwa na kampuni ya usajili, baina ya mgonjwa na mgonjwa, kisha akapiga simu.

"Mzee hajambo?"

"Anataka printa."

"Mpe tu, Dada. Mzee wa watu hana makuu."

Ijumaa asubuhi tovuti ilifunguka. Pi-hsia alilisoma tena daftari la usajili. Mmiliki: Yen Chia-hung. Chini yake palikuwa na mistari mitatu ambayo mzee aliijaza mwenyewe kabla ya kuachia. Msimamizi wa kila siku: Yen Pi-hsia. Fundi wa kuitwa panapoharibika: Yen Pi-hsia. Mlipaji wa ada: Yen Pi-hsia. Namba ya simu ilikuwa yake pia, bila kosa hata la tarakimu moja.

Simu hiyo ikaita. Mjerumani alitaka kuzungumza na mwenye kiwanda.

"Ametoka kidogo," alisema Pi-hsia, akavuta karatasi na kuanza kuandika vipimo vya skrubu alizotaka yule Mjerumani.