Aiguille ya Kumi na Saba

Mchana, umeme ulipokuwa bado upo, Zéphirin alifuta mafuta ya makayabu, samaki wa chumvi, vidoleni, akachukua simu yake na kuiwasha reli. Reli yenyewe ilikuwa juu ya meza ya chakula, sebuleni kwake Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto: njia nzima ya Kisangani mpaka Ubundu, imefupishwa ikatosha kwenye mbao mbili, na vijiti vya muhogo ndio msitu. Vyuma na mashine zake alitumiwa na tonton Alphonse, mjomba wake aliyeko Liège, Ubelgiji, ambaye tangu ahamie huko hakuwa ametuma kitu kingine, si dawa wala kiatu.

Kila aiguille, yaani kile chuma kinachogeuza reli ili treni ishike njia hii au ile, ilikuwa na kimota chini ya meza. Kimota hakijui jina, kinajua namba. Ukigusa namba kwenye simu, chenye namba hiyo kinageuka, tik, basi. Mtu mwingine angeanzia moja akaenda zake. Zéphirin alipenda vitu viwe sawasawa, ugonjwa wa ukoo wao mzima, kwa hiyo alikuwa ametembea kwa miguu kwenye reli ya kweli, ile iliyomezwa na majani, akasoma namba zilizopakwa rangi kwenye nguzo, akazipa za mezani namba zilezile.

Hapo ndipo alipokosea. Aiguille mbili zenye namba moja hutii amri moja, hata kijitabu cha mashine kinasema hivyo. Alipogusa kumi na saba, ile ya mezani ikageuka, na ile ya msituni, penye njia ya kiwanda cha mbao kilichokufa zamani, ikageuka pia. Baadaye kidogo wagon moja ilishuka peke yake kutoka upande wa Ubundu, ikasimama kwenye gare, yaani stesheni, mbele ya mama wauza kwanga, mikate ya muhogo. Wao wakavuta mabeseni yao nyuma yasije yakagongwa.

Vidole vilitokeza katika nafasi za mbao za wagon. Ndani walikuwamo watu waliopanda wakati wa vita kwenda Ubundu, na umri wao haukuwa umeongezeka. Mmoja wao alikuwa Ruffin, bwana wa Laurette, yaya yake Zéphirin, dada yake mkubwa.

"Laurette," alisema Ruffin, "umenenepa."

"Nimezeeka. Uko na njaa?"

"Mingi."

Laurette akampitishia kwanga na pondu, yaani kisamvu, huku analia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. Wakati ule wa vita alikuwa akienda gare kila asubuhi kumuuliza chef de gare, yaani mkuu wa stesheni, Papa Lambert, bwana wake yuko wapi. Lambert alichoka naye. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe alisindikiza treni ile, na kwamba Ruffin alishuka Ubundu mzima kabisa, na mwanamke mmoja, wakashika njia ya mji wa Kindu. Kumbe wagon ilikuwa imegeuzwa kwenye njia ya kiwanda, ikafungwa kufuli, ili njia kubwa iachiwe askari. Na mtu aliye Kindu hafanyiwi matanga. Laurette hakukalia kilio, hakuvaa nguo nyeusi, na mama mkwe wake, Mama Emilie, alimtangaza mtaani kote kuwa mke aliyeshindwa kumshika mume.

Kijana wa garage alikuja na msumeno, akakata kufuli. Ndani hamkuwa na mtu, ila majani yaliyolowa na harufu ya grisi. Walipoufunga mlango, vidole vikatokeza tena. Basi wakauacha umefungwa. Umeme ulipokatika, kimota kilirudishwa na springi yake, wagon ikapanda kurudi ilikotoka.

Tangu siku hiyo, umeme ukija, wagon inakuja. Watu wa Lubunga walizoea haraka. Mama wa kwanga walisogeza meza zao.

Laurette alitaka kitu kimoja tu. Alimwita Papa Lambert, sasa mzee wa parokia, akamwita na Mama Emilie, bokilo yake.

"Papa Lambert, mutu njo huyu. Sema mbele ya bokilo yangu kama ulisema uongo, nimulilie bwana yangu. Ile tu."

Lambert aliletewa kiti. Alimsalimu Ruffin kwa jina, akamuuliza habari za afya, kisha akakohoa.

"Bon. Mimi nilimuona na macho yangu. Alishuka na bibi moja, wakaenda Kindu."

"Lakini niko hapa, chef," alisema Ruffin.

"Niko nakuona," alijibu Lambert. "Lakini uko Kindu."

Laurette alimgeukia mama mkwe. Mama Emilie alikuwa anatazama mabeseni ya kwanga.

"Mutoto yangu iko Kindu," alisema. "Anakula, analala kwa kitanda. Unataka nimufanyie matanga juu ya nini?"

Akatoa yai la kuchemsha kwenye mkoba, akaliweka katika vile vidole bila kuinua macho, akaondoka zake. Njiani alisikika akimwambia mwenzake kuwa wanawake wengine, ole wao, mume anawakimbia na bado wanapiga kelele. Lambert naye alibeba kiti chake.

Ruffin alimenya yai taratibu. Maganda yalianguka relini.

"Laurette, Kindu iko namna gani?"

Laurette hakuwahi kufika Kindu. Lakini aliijua vizuri, maana usiku mwingi aliijenga kichwani kwa wivu, akaiwekea kila kitu.

"Nyumba iko na bati mupya," alisema. "Uwanja wa mbele muko michungwa. Batoto bawili, wa kwanza anafanana na wewe."

"Na bibi yangu wa kule? Anapika muzuri?"

"Anapika muzuri. Chumvi tu anazidisha."

Ruffin alicheka. Wengine ndani ya wagon walisogea karibu ili wasikie. Laurette akawaelezea kitanda, pazia, redio iliyo dirishani, mpaka umeme ulipokatika mezani kwa Zéphirin. Wagon ikaanza kupanda. Alitembea nayo mpaka mwisho wa gare akimalizia habari za kisima, kisha akarudi nyumbani amejifunga kikwembe chake chekundu, kwa sababu mke wa mtu aliye Kindu havai nyeusi.