Chaja ya Matundu Manne

Simu ya Mama Pacha ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa na dawa: betri yake ilikuwa imekufa. Ikiwa kwenye waya ilikuwa simu kamili, inapiga, inapokea, inaonyesha sura ya mtu mpaka chunusi. Ukiichomoa kwenye waya, ilizima kabla hujamaliza kusema "haloo". Fundi simu alishamwambia kwamba betri za aina ile hazipatikani tena, anunue simu nyingine yaishe. Mama Pacha akakataa. Mumewe alimwahidi kwamba simu mpya atamletea kwa mkono wake mwenyewe siku atakayorudi, na yeye kwa ukaidi wake akaapa kwamba hatapokea simu mpya kutoka mkono mwingine. Watu walimcheka, naye akacheka nao, kisha akaendelea kushona.

Baba Pacha alikuwa mbali, nchi ya baridi, akifanya kazi kwenye ghala la vifaa vya umeme. Huko ndiko alikoipata ile chaja akampa msafiri amletee mkewe: nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye matundu manne. "Hiyo inachaji haraka, halafu inajua kugawa," alimwambia mkewe, akijisifu kana kwamba ameizaa. Mama Pacha aliiweka kwenye duka lake la ushonaji, juu ya meza ya kukatia vitambaa, pembeni ya cherehani, simu yake ikikaa tundu moja siku zote. Haukupita muda majirani wakaijua njia. Kinyozi wa mlango wa pili alileta mashine yake ya kunyolea, mama mkwe akaleta redio yake, na wateja, hata wale waliokuja kuuliza bei tu, wakaja na waya mkononi. Mtu mwingine angenuna. Yeye alifurahi, kwa sababu kila aliyechomoa simu iliyojaa alisema, "Baba Pacha ametusaidia kweli," na hapo jina la mumewe likawa limetajwa ndani ya duka. Siku alizolisikia mara nyingi, ilimjia kama vile mumewe ametoka kidogo tu na atarejea jioni.

Lakini hakuwa anarejea jioni, na sasa siku ya kukata shauri ilikuwa imefika. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na bosi wake alitaka asaini mwingine wa miaka mitatu kabla ya mapumziko ya mchana kwisha. Kwa wiki kadhaa Baba Pacha alikuwa akisema, "Naona nisaini tu," na Mama Pacha akijibu, "Ukiona ni sawa, ni sawa." Ndivyo alivyofundishwa kwamba mke mwema hujibu. Nyumba ilikuwa haijawekwa dari, pacha walikuwa wanakua na viatu haviwasubiri, na mama mkwe alikuwa mtu wa dawa kila mwezi. Angeanzia wapi kusema kwamba amechoka kulala upande mmoja wa kitanda? Alitaka kumsikia mumewe akikohoa chumba cha pili. Alitaka hata zile kelele zake za kutafuta soksi ambazo zamani zilikuwa zikimpandisha hasira. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amejiapiza: leo nitasema, na liwe liwalo.

Simu ililia mchana, yeye akiwa katikati ya pindo la gauni. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama Pacha, hujambo?"

"Sijambo. Umekonda, au ni kioo?"

"Kioo hicho. Sikiliza, bosi ameshaweka karatasi mezani, ananisubiri mimi tu. Nataka nisaini nikale."

Mama Pacha akalisogeza gauni pembeni. "Kabla hujasaini, mimi nilitaka kukuambia—"

Kinyozi akaingia akipuliza nywele kwenye mashine yake, akaichomeka kama alivyozoea. Kioo cha simu kikawa cheusi.

"Mtandao huo," Kinyozi akasema, kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu.

Ile simu ilikuwa mvivu wa kuamka. Ilipowaka, ikapiga muziki wake wa kujitangaza, ikazungusha kiduara, na Mama Pacha akiisimamia kama anayesubiri maziwa yachemke. Baba Pacha akapiga tena.

"Mbona umenikatia?"

"Sijakukatia, imezima yenyewe."

"Haya. Ulikuwa unasema?"

Hapo Kinyozi alikuwa amesimama palepale, masikio yamemsimama pia. Ujasiri wa Mama Pacha ukarudi nyuma. "Nilikuwa nasema... pacha wanakusalimu sana."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja, aliposikia sauti ya mwanawe akainuka haraka aje kumwona. Redio ilikuwa mkononi mwake ikimsumbua, basi akaichomeka ili apate nafasi ya kupunga mkono. Kioo kikawa cheusi tena.

Mara ya tatu sauti ya Baba Pacha ilikuwa imebadilika. "Mke wangu, kama una hasira na mimi, sema. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wewe umezidi hata kimya, unanikatia kabisa."

"Haki ya Mungu sijakata! Ningekata vipi na mimi ndiye ninayeingojea?"

"Hebu niambie," Baba Pacha akasema. "Kuna mtu amechomeka kitu kwenye ile chaja?"

"Kinyozi. Halafu mama."

Akacheka. Ulikuwa ule mcheko wake wa puani. "Basi ndiyo hiyo. Ile chaja ikiwa na simu moja, inaipa nguvu yote. Wakiwa wawili inagawa, wakiwa watatu inagawa tena. Sasa akija mpya inawakata wote kwanza, kufumba na kufumbua, inamuuliza kila mmoja anataka kiasi gani, ndipo inagawa upya. Simu yenye betri haisikii kitu. Yako haina akiba, inakufa hapohapo."

"Na mimi siku zote nalaumu uzee wake!" Mama Pacha hakutaka kusikia zaidi. Akaukamata waya wa Kinyozi kwa mkono mmoja na wa redio kwa mkono wa pili.

"Lakini usicho—"

Akavuta. Kioo cheusi.

"Nafikiri," Kinyozi akasema polepole, "alikuwa anakwambia usichomoe."

Mama Pacha alikaa kwenye kiti chake akafunika uso kwa gauni la watu. Kinyozi, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akatoa simu yake mfukoni. "Chukua yangu, Mama Pacha, umpigie."

"Ebo!" mama mkwe akaja juu. "Mambo ya mume na mke yapite kwenye simu ya kinyozi? Kesho mtaa mzima utanyolewa nayo!"

Kinyozi akairudisha mfukoni. Mama mkwe akamgeukia mkaza mwanawe. "Unataka kumwambia nini huyo mtoto?"

Mama Pacha angeweza kudanganya. "Nataka arudi, mama."

Alitegemea kuulizwa habari ya dawa. Mama mkwe hakuuliza. Aliukunja waya wa redio yake taratibu, akavuta kigoda mpaka kwenye meza, akakaa na kuyafunika kwa mkono wake mkavu yale matundu matatu yaliyobaki wazi. "Hapa hachomeki mtu," akasema. "Wala hachomoi mtu."

Simu ikawaka, ikapiga muziki wake, ikalia.

"Bosi amesimama mlangoni," Baba Pacha alisema mbiombio. "Mimi nasaini, mama watoto, naona na wewe umesharidhika—"

"Baba Pacha. Umesema hiyo chaja inamuuliza kila mmoja anataka kiasi gani?"

"Ndiyo, lakini sasa hivi si wakati wa—"

"Vitu visivyo na mdomo vinaulizwa. Mimi miaka yote hii unanieleza tu, naona hivi, naona vile. Niulize na mimi."

Mama Pacha akaitazama taa ya chaja. Ilikuwa inawaka.

"Unataka nini, mke wangu?"

"Nakutaka wewe," akasema, na Kinyozi akageukia ukutani kwa heshima. "Dari ikae, nitashona hata usiku. Nimekukumbuka mpaka nimechoka kukukumbuka. Rudi nyumbani."

Sura ya Baba Pacha ikaondoka kwenye kioo, ikabaki mihimili ya paa la ghala, maana alikuwa ameilaza simu mezani. Zikasikika hatua, kisha sauti nene ya mwanamume mwingine, kwa lugha ambayo Mama Pacha hakuijua. Baba Pacha akasema neno, akaulizwa, akasema tena, safari hii kwa kirefu kidogo. Mama Pacha alisikiliza kila sauti, akitafuta ndani yake hata neno moja la kushika. Hakulipata. Mama mkwe alikuwa amekaza mkono juu ya chaja mpaka mishipa imemtoka.

Sura ikarudi. Macho yalikuwa yamelowa, na safari hii hakusingizia kioo.

"Umemwambia nini?" Mama Pacha akauliza.

"Nimemwambia sisaini. Akaniuliza, nani amenipa kazi nzuri kuliko yake?"

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia hakuna. Nimemwambia mke wangu ananiita."