Daftari Lisilouliza Jina

Kazini walimwita Kimya. Si kwamba hakujua kuongea. Kazi yake ya kutengeneza tovuti aliifanyia chumbani kwake, ghorofa ya tatu, na kwenye vikao vya mtandaoni alizima kipaza sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Siku moja bosi alimuuliza swali, naye akajibu kwa dakika mbili nzima bila kukumbuka kukiwasha. Wenzake walicheka mpaka machozi yakawatoka. Jina likaganda hapo hapo.

Mchana alijenga kurasa za watu wengine: duka la viatu, shule, kampuni ya bima. Kurasa hizo zilikuwa na tabia moja iliyomkera. Ukizifungua tu, zinataka kujua wewe ni nani, unakaa wapi, namba yako ya simu ni ipi, unakubali kufuatwafuatwa au hukubali.

"Mtu anataka bei ya viatu," alimwambia dada yake kwenye simu, "wao wanataka ukoo wake mzima."

Dada yake alicheka, akasema kuna kitu kinaungua jikoni, akakata.

Ndiyo maana alitengeneza Daftari. Ulikuwa ukurasa mmoja mweupe. Unaufungua, unaandika, unaufunga. Ukirudi kesho, maneno yako unayakuta. Hakuna kujisajili, hakuna nywila wala matangazo. Alichokipenda zaidi ni namna ulivyofanya kazi. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kina mahali pake pa kutunzia vitu ndani ya kompyuta ya mwenyewe, na Daftari lilitumia hapo tu. Hakuna neno hata moja lililosafiri kwenda kwake. Aliona hiyo ndiyo adabu ya chombo kizuri: kikusaidie, kisikuchunguze.

Kitu pekee alichokijua ni ukurasa umefunguliwa mara ngapi kwa siku. Arobaini. Arobaini na tatu. Jumapili, kumi na tano. Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, aliitazama namba hiyo. Walikuwa akina nani? Hakujua, na aliujenga ukurasa makusudi ili asijue. Kuna siku alijivunia jambo hilo. Kuna siku nyingine alikaa mbele ya ile namba akitamani mmoja wao tu amwandikie kwa ile anwani ya barua pepe aliyoiweka chini ya ukurasa, hata kama ni matusi.

Aliyemwandikia alikuwa mkunga mstaafu.

"Mwanangu," ilisema barua pepe yake, "kompyuta yangu ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi akaisafisha. Sasa inakimbia vizuri lakini Daftari langu ni jeupe. Mlikuwa na maandishi yangu ya miaka miwili. Naomba mnirudishie. Asanteni sana."

Kimya alielewa mara moja. Fundi alikuwa amefuta kila kilichohifadhiwa kwenye kivinjari, na maandishi yakaenda na vumbi. Aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena. Mwishowe akatuma: "Mama, maandishi hayakuwa kwangu. Yalikuwa ndani ya kompyuta yako. Mimi sina nakala."

Jibu lilirudi baada ya dakika kumi. "Basi ni nani anayo?"

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akalisoma tena. Wakati anajenga Daftari alijiuliza maswali mengi: nani anaweza kuiba, nani anaweza kuchungulia, nani anaweza kuuza. Hakuwahi kujiuliza mtu akipotelewa atamlilia nani.

Alimwomba aizime kompyuta na asiiguse tena. Kumbe mama huyo aliishi mji ule ule, upande wa pili. Jumamosi asubuhi alibeba begi lake akaenda.

Mkunga alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vikubwa, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Daftari?"

"Ndiye mimi."

"Wenzako wako wapi?"

"Hakuna wenzangu, mama. Niko peke yangu."

Alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Mimi nilidhani ni kampuni. Haya, ingia, usisimame mlangoni kama mgeni wa serikali."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya cherehani. Kimya alimweleza kwamba kitu kikifutwa, mara nyingi hakiondoki saa ile ile. Nafasi yake inaandikwa tu kuwa iko wazi, mpaka kije kitu kingine kiikalie.

"Kama kitanda cha wodini," alisema mkunga. "Mgonjwa kaondoka, shuka bado lina joto lake."

"Hivyo hivyo, mama. Tuombe asiwe amelazwa mwingine."

Alifungua kompyuta, akatoa diski, akaiunganisha na ya kwake, akawasha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Ilikwenda polepole. Mkunga alivuta kigoda akaketi karibu.

"Umeoa?"

"Bado."

"Mama yako yupo?"

"Alifariki. Na baba pia. Nina dada, lakini yuko mbali, na ana watoto watatu."

"Pole," alisema mkunga, akaigeukia skrini. Kimya alijishangaa akitamani aulizwe swali jingine.

Saa sita vipande vya kwanza vilianza kutokea. Akageuza uso pembeni.

"Mama, hapa mimi siruhusiwi kusoma."

"Nani kakukataza?"

"Nimejikataza mwenyewe."

"Basi jiruhusu. Macho yangu yamechoka. Soma kwa sauti."

Akasoma. "Mapacha. Wa kwanza alitanguliza miguu. Baba yao alizimia mlangoni, nikamruka nikaendelea na kazi." Kisha kingine: "Mtoto wa kike, kilo nne na nusu. Mama yake alinitukana matusi ambayo sijayasikia tena maishani. Kesho yake akampa mtoto jina langu."

Mkunga alicheka akijipigapiga magoti. Alikuwa ameandika kila uzazi alioukumbuka, kuanzia mwaka wake wa kwanza kazini. Watoto walikuwa zaidi ya mia tatu. Kufikia alasiri Kimya alikuwa amewapata mia moja na kumi na wanane, wengi wao nusunusu, sentensi zimekatika katikati.

Lakini kila baada ya muda mkunga aliuliza, "Na yule wa chumba cha mwisho?"

"Yupi, mama?"

"Endelea tu."

Programu ilipofika mwisho, Kimya alitikisa kichwa. Mkunga aliikunja khanga iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mtoto huyo hakumaliza hata saa moja," alisema. "Mama yake alikuwa hana fahamu, na alipozinduka hakutaka kusikia habari zake. Baba hakuwepo. Nilimshika mimi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwona akiwa amefumbua macho. Nilistaafu nikiwa naye moyoni. Kompyuta nimejifunza uzeeni kwa ajili yake. Hao wengine wote niliwaandika kuzoeza mkono. Ilinichukua mwaka na zaidi kumfikia. Siku niliyomaliza kumwandika ndipo nilipopumua."

Kimya hakujua mikono yake aiweke wapi. "Niambie mimi, nitaandika," alisema.

"Leo siwezi, mwanangu."

Kesho yake Kimya alikaa kwenye meza yake akaweka sentensi moja juu ya ukurasa wa Daftari: "Maneno haya yako kwenye kompyuta hii tu. Ikisafishwa, yanapotea." Chini yake akaweka kitufe cha kuhifadhi nakala. Alitazama saa alipomaliza. Kazi yote ilimchukua nusu saa. Tangu aanzishe Daftari, alikuwa na miaka minne ya kuifanya.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Walizifuata zile sentensi zilizokatika moja baada ya nyingine. Yeye alisoma mwanzo, mkunga akamalizia. Wakati mwingine walibishana.

"Hukusema huyo alizaliwa kwenye gari?"

"Gari ni yule mwingine. Huyu ni kwenye ngazi. Sikiliza, wewe!"

Jumamosi ya nne, kabla hata hajaketi, mkunga alimwambia, "Andika."

Alizungumza akiwa amefumba macho, taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. Alitaja rangi ya ukuta, na dirisha lililokuwa haliwezi kufungwa. Alisema mtoto alikishika kidole kidogo cha mkunga na hakukiachia mpaka mwisho. Alipomaliza alisema, "Soma."

Kimya alisoma. Alipofika kwenye kidole aliurudia mstari, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

"Si kama nilivyoandika mara ya kwanza," mkunga alisema. "Ile ilikuwa nzuri zaidi."

"Nisamehe, mama."

"Ndiyo hii tuliyo nayo." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Lakini sasa tunaomjua tuko wawili."

Miezi miwili baadaye binti wa mkunga alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye mji mwingine. Kimya alimchapia maandishi yote, akayafunga kwa kamba, na nakala nyingine akaiweka kwenye flashi. Mkunga alimshika mashavu kwa vile viganja vyake vikubwa, akamwambia ale vizuri. Tangu hapo aliandika mara mojamoja, barua fupi, nyingi kuhusu magoti.

Jumamosi ya kwanza baada ya safari hiyo, Kimya alioga, akavaa shati, akafunga kamba za viatu, ndipo akakumbuka kuwa hana pa kwenda. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni. Chumba kilikuwa na sauti ya friji tu.

Kisha akatoka, kwa sababu viatu alikuwa ameshavivaa. Kwenye ngazi alimkuta mzee mmoja amesimama na mtungi wa gesi, anahema.

"Nikusaidie, mzee?"

"Ukinisaidia utakuwa umeniokoa. Napanda ya tatu. Wewe umekuja kumtembelea nani hapa?"

"Naishi hapa. Ya tatu pia."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Mwaka wa sita!" Mzee alimkodolea macho. "Mimi wa nane. Sijawahi kukuona."

Kimya alishika upande mmoja wa mtungi, mzee akashika mwingine, wakaanza kupanda, ngazi moja moja, wakipumzika kila kona.