Nusu Saa ya Mama Kipengele

Kiwandani walimwita Mama Kipengele, maana mkataba wa chama na mwajiri aliujua wote kwa kichwa, na ukimsalimia vibaya angeweza kukusomea kipengele kinachokataza. Alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika ukumbi wa kushonea mashati, na ndiye aliyewabwaga wakubwa katika lile sakata la nusu saa.

Sakata lenyewe lilikuwa hivi. King'ora kililia saa moja kamili asubuhi, na malipo yalianzia hapo. Lakini hakuna cherehani inayoamka na kushona papo hapo. Ilibidi ufike saa kumi na mbili na nusu, uipanguse, uitie mafuta, ubadilishe sindano. Miaka nenda miaka rudi, wanawake sitini waliifanya kazi hiyo bure. Chama kilipopeleka shauri kwa wasuluhishi, meneja, mtu wa tabasamu lisilokauka, aliwaambia kwamba hakumlazimisha mtu.

"Wanakuja wenyewe, hawa mama zangu. Wanazipenda mashine zao. Mapenzi nayo tuyalipie?"

Mama Kipengele akasimama, akamkazia macho. "Hakuna anayependa chuma, bosi. Tunaogopa kutofikisha idadi ya mashati ya siku, basi."

Wasuluhishi wakaandika, chama kikashinda. Kuanzia siku hiyo matayarisho yangefanywa kwa dakika kumi baada ya king'ora, ndani ya saa za malipo. Yeyote ambaye angegusa mashine kabla ya hapo angehamishiwa chumba cha kufungasha. Adhabu hiyo aliidai Mama Kipengele mwenyewe, asije mtu wa kujipendekeza akawaharibia wenzake. Wanawake walimbeba juu juu mpaka getini.

Sasa, kulikuwa na siri ambayo hata wifi yake, aliyeshona mashine ya jirani, hakuijua. Mama Kipengele aliipenda cherehani yake, namba kumi na tisa, kupita kiasi. Aliipata mwezi ule aliofiwa na mume, hata kushona kola kukimshinda, na kwa mashine hiyo alikuwa amesomesha watoto wawili. Ilikuwa kongwe, na ilikuwa na deko. Isipopata matone mawili ya mafuta chini ya sindano, ikatulia nayo nusu saa nzima, ilikata uzi kutwa. Matayarisho mapya ya dakika kumi hayakuitosha hata kidogo.

Wiki moja alivumilia. Wiki ya pili akapenya kwa mlango wa stoo kabla hakujapambazuka vizuri. Matone mawili tu, akajiambia. Siku ya tatu mlinzi akamkuta kainama, kopo la mafuta mkononi.

"Mama," mlinzi alisema, kama anayeomba radhi, "adhabu hii ulitusomea mwenyewe pale getini. Mimi nifanyeje?"

Ofisini, meneja hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mama yangu, mimi sina neno. Andika tu hapa kwamba ulikuja kwa hiari, kwa sababu unaipenda mashine yako. Ukimaliza, unarudi kwenye namba kumi na tisa sasa hivi."

Mengine hakuyasema, lakini Mama Kipengele hakuzaliwa jana. Karatasi ile ingefika kwa wasuluhishi kabla wino haujakauka, na wanawake sitini wangerudi kuamka kwa ajili ya kazi ya bure.

"Na nisipoandika?"

"Basi ni kosa la kawaida. Unahamia kufungasha. Barua inataka sahihi mbili, ya mkosaji na ya mwakilishi wake." Meneja akachungulia mlangoni, kisha akacheka. "Bahati nzuri, wote mmefika."

Ilimuuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya chama alikuwa anaombwa kusema kweli tupu, na kweli yenyewe ndiyo isiyosemeka. Akachukua kalamu.

"Siipendi," alisema. "Nilizembea."

Akatia sahihi mara mbili. Ile ya pili aliiandika vizuri zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya chama.

Kesho yake alikaa na wenzake kwenye benchi la nje wakingoja king'ora, wakamtania mpaka wakachoka. Mama Kipengele kakamatwa na kipengele chake! Akacheka nao. King'ora kilipolia akaenda kukunja mashati nyuma ya ukuta wa mbao, na kutoka upande wa pili akaisikia namba kumi na tisa ikianza, ikikohoa, ikikata uzi. Ikakata tena. Alikunja shati moja mara tatu.

Mchana, wakati wa mapumziko, wifi yake akaja mbio, uzi umemganda kwenye nywele. Mashine alikuwa kapewa yeye.

"Wifi, hili dude lako linanitoa roho! Ulikuwa unalifanyaje? Hebu njoo mara moja unionyeshe, kabla hawajalitupa."

Mama Kipengele akatazama saa ya ukutani. Mapumziko hayakuwa na malipo. Dirishani, meneja alikuwa amesimama na kikombe chake, akimtazama kwa tabasamu lile lile.

"Niulize king'ora kikilia," alisema, na akageuka upesi ili wifi yake asiuone uso wake.